Kaluki na Kitufe cha Rudi

Mimi sina ugomvi na kompyuta. Ugomvi wangu ni na watu wanaonunua kompyuta wakadhani wamenunua na akili humo humo ndani.

Nasema hivi nikiwa kwenye kiti changu cha mapokezi, ofisi ya ushirika wa maziwa hapa mjini Machakos, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la dawa za mifugo. Naitwa Safiya. Babu yangu alitoka Pwani akaja kuuza nguo hapa, akaoa hapa, akazikwa hapa, na nyumbani kwetu Kiswahili ndicho tulichonyonya. Wenzangu ofisini wanaanza na Kikamba, halafu ndiyo wanakuja kwenye Kiswahili, nacho wanakibeba wanavyoweza. Nilikuwa nikiwacheka kimoyomoyo. Kila mtu ana kitu cha kujivunia, na mimi changu kilikuwa hicho.

Sasa ngoja nikueleze habari za Kaluki. Kaluki ndiye taipisti wetu. Ana miaka hamsini na tisa, na wakati mambo haya yanatokea alikuwa amebakisha miezi kumi na moja tu astaafu. Alikuwa na ombi moja duniani: amalize miezi yake, aagwe na wakulima kwa soda na maneno mazuri, aende kwao Muthetheni akiwa ameinua kichwa. Akina mama wa kanisani kwao walikuwa wameshaanza kupanga watashona sare ya rangi gani siku hiyo. Akifukuzwa kabla ya hapo, angetoka kwa mlango wa nyuma kama mtu aliyeiba maziwa.

Alijifunza kazi mwaka wa themanini na sita, kwenye chuo kimoja cha makarani kilichokuwa na taipureta kumi na mbili na mwalimu mmoja mwenye rula. Mwalimu aliwafunika mikono kwa kitambaa wasione herufi. Ukikosea, rula. Na kwa kuwa wanafunzi wengi Kiingereza kiliwapiga chenga, mwalimu akawatungia maneno yake mwenyewe. Kile chuma cha juu kinachobeba karatasi akakiita gari. Unaandika, gari linasogea herufi kwa herufi. Kengele ikilia ujue mstari umeisha, unashika mkono wa chuma, unarudisha gari, karatasi inapanda kidogo, unaanza mstari mpya.

Basi Kaluki mpaka leo, pale wewe na mimi tunaposema Enta, yeye anasema rudisha gari. Kompyuta ya kwanza ilipoingia ofisini, kitufe chenyewe kilikuwa kimeandikwa "Return", kwa hiyo hakuna aliyembishia. Baadaye zikaja kibodi zilizoandikwa "Enter", yeye akaendelea na gari lake. Ukiketi karibu naye ukamwuliza mstari mpya unaanzaje, anakujibu bila kukutazama, "Rudisha gari."

Sikumpenda, nisikudanganye. Kaluki ana gubu. Haachi mtu akae kwenye kiti chake, hata akienda likizo. Anapiga vitufe kana kwamba anatwanga mahindi, kila mwaka anaua kibodi moja, na herufi A na E huwa zimefutika kabla ya Pasaka. Kitabu changu cha wageni alikuwa akikisahihisha kwa kalamu nyekundu. "Mama Yasin," ananiambia, "tarehe haiandikwi hivi." Yasin ni mwanangu. Nani alimwomba?

Na si kwamba hajawahi kukosea. Taipureta yake ya kwanza haikuwa na namba moja. Mashine nyingi za zamani ndivyo zilivyokuwa, ukitaka moja unaandika herufi l ndogo, basi, kwenye karatasi nani atajua? Kompyuta ilipokuja, Kaluki akaingiza wanachama mia tatu na ushee kwa mtindo huo. Mwaka mzima mashine ikakataa kuwatambua wakulima wenye moja kwenye namba zao, watu wakawa wanalaumu umeme. Alipoonyeshwa kosa lake akafunga mlango, akarudia majina yote peke yake. Wiki mbili. Hapo nilimheshimu kidogo, ingawa sikumwambia.

Mwaka jana, mwezi wa Agosti, bodi ikatuletea meneja mpya. Lenny. Miaka thelathini na moja, anaishi Syokimau, anavaa viatu bila soksi, na kila sentensi yake ina neno sistemu. Siku ya kwanza alitusimamisha wote katikati ya chumba, hakuna kukaa, eti mkutano wa kukaa unaleta usingizi. Akasema, "Timu, kibodi imekufa. Sai dunia inaongea na mashine, mashine inaandika. Sisi bado tuko kwa museum."

Akamtazama Kaluki aliposema museum, yaani jumba la vitu vya kale. Kila mtu aliona.

Akatuonyesha. Akashika tableti yake, akaileta karibu na mdomo kama mtu anayenusa tikiti maji, akasema, "Wakulima wa Muthetheni wanaombwa kuleta maziwa mapema." Mashine ikaandika, "Wakulima wa mtu tetea nini wanaombwa kuleta maziwa mapema." Akarudia polepole. Mashine ikaandika, "Wakulima wa mtu ateseke nini." Akarudia mara ya tatu kwa sauti ya juu, kana kwamba mashine ni kiziwi. Wakati huo Kaluki alikuwa ameshaandika tangazo, amelichapisha, amelipiga muhuri, na Kisilu wa stoo alikuwa anashuka ngazi kwenda kulibandika.

Hapo ndipo Lenny alipomchukia, na mimi nilikuwepo.

Siku nyingine akamwambia, maana kwake kila mama ni mathe, "Mathe, hiyo barua ukituma, ni-CC."

Kaluki akageuza kiti. "CC ni nini?"

"Aa, mathe. CC. Ni kopi."

"Najua ni kopi. C ya kwanza ni ya nini, na ya pili ni ya nini?"

Lenny akakuna shingo. "Ni kopi-kopi. Yaani kopi ya kopi."

Kaluki akafungua droo, akatoa karatasi moja ya kaboni, nyeusi tititi, akamtia mkononi. "Unaweka hii katikati ya karatasi mbili, unapiga taipu mara moja, unapata mbili. C ya kwanza ndiyo hii umeshika." Lenny alipoirudisha, vidole vyake vilikuwa vyeusi, akajifuta kwenye suruali yake ya rangi ya maziwa. Tracy, yule msichana wa hesabu anayefanya kazi kwa kucha ndefu kuliko kalamu, alicheka mpaka akatoka nje. Mimi nilijitia nachemsha chai.

Ndivyo walivyo watu hawa, na ndilo linaloniudhi. Siku nzima wanabonyeza maneno ya taipureta, halafu wanamcheka aliyeishika taipureta. Waulize kile kimshale cha juu kwa nini kinaitwa "Shift", ni kitu gani kinachohama. Hawajui. Kaluki anajua, ni kikapu kizima cha herufi kilikuwa kinahamishwa kwa kidole kidogo, na ukikihamisha siku nzima usiku hicho kidole hukilalii. Lakini anayejua ndiye wa museum.

Mwezi wa Februari, tangazo. Wafanyakazi wote wanane wa ofisi watafanya mtihani wa tableti, Ijumaa, saa nne asubuhi. Sistemu mpya imenunuliwa Nairobi, na imetafsiriwa kwa Kiswahili ili kila mtu aelewe. Atakayeshindwa, mkataba wake unaishia mwisho wa mwezi. Lenny alisoma tangazo lenyewe kwenye tableti, na alipofika kwenye "atakayeshindwa" akashusha sauti, akaitia huruma ya bandia, kama ya mtu anayeuza jeneza.

Sote tulielewa mtihani ulikuwa wa nani. Hata Kaluki alielewa. Baadaye tulikuja kujua Lenny alikuwa ameshaiambia bodi kwamba kazi ya taipisti itafutwa mwaka huu, na kwamba sistemu imejaribiwa na haina kasoro.

Wiki nzima Kaluki alibaki saa ya chakula na tableti mapajani. Vidole vyake vilizoea kutwanga, na kioo hakitwangiki. Akigusa herufi moja zinatoka tatu. Akiegemeza kiganja, ukurasa unaruka. "Hakuna kitu chini," alikuwa ananiambia, "vidole vinatafuta kitu cha kusimamia, hakuna." Siku ya Jumatano aliniuliza, "Mama Yasin, wewe umeshaelewa?" Nikamwambia nimeelewa, mbona rahisi, imeandikwa Kiswahili. Nilisema kwa maringo. Kiswahili ni changu, nani wa kunitisha kwa Kiswahili?

Ijumaa ikafika. Tukapangwa kwenye meza ndefu, kila mtu na tableti yake. Kazi zilikuwa tatu: andika barua fupi kwa mkulima, mtafute mwanachama kwa namba yake, jaza fomu ya maziwa ya asubuhi. Dakika arobaini. Kiswahili chenyewe kilikuwa cha aibu. "Ingiza mkulima katika shamba lililo wazi." Shamba gani? Walimaanisha nafasi ya kujaza. "Chagua kundi la tone." Ilikuwa orodha ya kuteremsha, ile "drop" ya Kiingereza. Nilikuwa nasoma nacheka peke yangu, nakisahihisha kichwani, na kazi yangu inakwenda vizuri.

Mwisho kabisa, chini, kwa herufi nzito, kulikuwa na agizo: "Ukimaliza kazi yote, bonyeza Rudi."

Na kule juu, pembeni kushoto, kulikuwa na kitufe cha buluu kimeandikwa Rudi, na mshale.

Nikabonyeza. Kwa nini nisibonyeze? Nimeambiwa Rudi, na Rudi ndiyo hii. Ukurasa ukapotea, ukaja ule wa mwanzo kabisa, mweupe, "Karibu kwenye mtihani." Nikadhani ndiyo imekwenda. Kisilu akabonyeza. Tracy alibonyeza zamani, alikuwa anapiga picha kucha zake. Mmoja mmoja tukaweka tableti mezani.

Kaluki ndiye aliyebaki. Nilimwona amekodoa macho kwenye lile agizo la chini. Kidole chake kikaenda juu kwenye kitufe cha buluu, kikasimama hewani, kikarudi. Akatikisa kichwa. Akashuka kwenye kibodi ya kioo, akatafuta kwenye kona ya kulia, akagusa kale kamshale kalikokunjwa, kanakoshuka halafu kanageuka kushoto. Kitu kikalia kwenye tableti yake. Kwetu sote hakikuwa kimelia.

Lenny alikuwa ameketi na laptopu yake, miguu juu ya kiti, anangoja majina. Likaja moja. Akangoja. Akagonga laptopu. Akaizima, akaiwasha. Jina likabaki lile lile moja.

"Kaluki," akasoma. "Tisini na moja kwa mia."

Kaluki mwenyewe alikuwa anafuta miwani.

"Mathe, umebonyeza nini?"

"Nilirudisha gari."

"Gari gani tena?"

Kaluki akavaa miwani. Akasema kwa utulivu, na mimi nakumbuka kila neno. "Nilisoma Rudi. Ile ya juu niliiona. Lakini nikajiuliza, mtu akimaliza kazi, arudi wapi? Kazi ikiisha inaenda, hairudi. Nikaona huyu aliandika kutoka kwa Kiingereza, na Kiingereza lazima ilisema 'Return'. 'Return' si kurudi nyuma. Ni gari linarudi mwanzo wa mstari ili uende mbele. Ni hiki kimshale. Hata kimechorwa vile gari lilikuwa linaenda, karatasi inapanda na gari linageuka."

Lenny akafungua ule mtihani kwa Kiingereza. Tracy akachungulia begani kwake akasoma kwa sauti kabla hajamzuia: ukimaliza, bonyeza "Return". Basi. Mtu mmoja huko Nairobi, au mashine moja, alilikuta neno la taipureta, hakujua ni la nini, akatuandikia Rudi, na huku juu kuna Rudi nyingine inayofuta kila kitu. Watu saba tukaitii. Nami nisiyekosea Kiswahili niliitii bila hata kujiuliza.

Ungedhani mambo yameishia hapo. Mtu mwenye haya angecheka, angeomba radhi, angerudia mtihani. Lenny aliingia ofisini kwake akafunga mlango. Alikaa nusu saa. Alipotoka alikuwa na uso wa mtu aliyepata wazo, na wazo lenyewe lilikuwa hili: mtihani ulikuwa wa kupima kufuata maagizo. Agizo lilisema bonyeza Rudi. Watu saba walibonyeza Rudi, kwa hiyo watu saba wamefaulu. Kaluki alibonyeza kitu kingine, kwa hiyo ameshindwa.

"Lakini kazi yake ndiyo imefika," Kisilu akasema.

"Haijalishi imefika. Prosesi haikufuatwa."

Wallahi alisema hivyo, mchana kweupe. Na sisi saba tulifanya nini? Tulitazama meza. Tracy alisema, "Pole, Madam," akachukua mkoba wake. Nami Safiya, mwenye ulimi mrefu kuliko wote katika jengo hili, ninayewasuta wauza sukuma sokoni wakinipunguzia fungu, nilimeza mate. Kiti changu kilikuwa kimesalimika. Nikakusanya vikombe nikaenda kuviosha, nikaviosha mara mbili. Nilijidharau, na nikaendelea kuosha.

Kaluki hakulia. Aliuliza tu, "Nitapewa kwa barua?" Lenny akasema ndiyo, sheria ya ushirika inataka barua ya karatasi, yenye sahihi ya meneja na ya mwenyekiti. Kaluki akasema sawa.

Jumatatu asubuhi Lenny akaketi kuitunga hiyo barua. Na kibodi si imekufa? Akaanza kuongea na tableti. Nilimsikia kupitia mlango. "Bi Kaluki, tunakuarifu." Kimya. "Tu-na-ku-a-ri-fu." Kimya. Halafu tusi dogo la Kiingereza. Saa nzima. Mashine ilikuwa inamwandikia mambo ya harufu. Tracy alikuwa ameenda Kinanie kukusanya fomu, na wengine wetu barua rasmi hatujawahi kuiandika maishani, tuna taipisti.

Saa tano akatoka. Akaenda akasimama kando ya meza ya Kaluki, mikono mfukoni, anatazama dirisha.

"Mathe, naomba uniandikie barua moja haraka."

"Ya nani?"

Lenny akatazama dirisha zaidi. "Yako."

Nilikuwa nimeshika birika, nikaiweka chini. Nimeona watu wakavu wa macho, nimeishi na baadhi yao, lakini huyu alikuwa wa peke yake. Kumfukuza mtu kazi halafu umwambie akuandikie, kwa sababu bila yeye hata kumfukuza huwezi.

Kaluki hakushtuka. Alivuta kibodi yake, akanyoosha mgongo kama alivyofundishwa kwa rula. "Niandike nini?"

"Andika tu vile ilikuwa. Mtihani, matokeo, mwisho wa mwezi. Usiweke mambo mingi." Simu yake ikaita, akaondoka akiongea.

Kaluki aliandika. Nilisikiliza vile vitufe, na havikusita hata mara moja. Dakika nne. Akaichapisha, akaisoma kutoka juu hadi chini, kidole chini ya kila neno, akampelekea. Lenny alikuwa bado kwenye simu, anacheka na mtu. Alitazama jina juu, akatazama nafasi ya sahihi chini, akatia sahihi. Yule kijana hasomi kitu kisichopandishwa kwa kidole.

Jumanne ndiyo siku ya mwenyekiti wetu, Mzee Mwanzia. Si mtu wa maneno. Anafuga ng'ombe sita upande wa Mwala, na huja na boda boda akiwa amevaa gambuti. Kuna wakati alitia sahihi kwenye karatasi asiyoisoma, mambo ya mpaka wa shamba, na tangu hapo husoma kila kitu kwa sauti, neno baada ya neno, hata risiti ya petroli. Kila mtu anajua, isipokuwa asiyeuliza. Aliketi kwenye meza ndefu ya katikati, Lenny akamwekea rundo la karatasi za kutia sahihi, barua ya Kaluki ikiwa ya tatu.

Mzee Mwanzia akaishika mbali na uso, akaanza.

"Kwa Bi Kaluki. Kuhusu kuachishwa kazi." Akatuangalia, akaendelea. "Siku ya Ijumaa, wafanyakazi wanane walifanya mtihani wa tableti. Kazi ya wafanyakazi saba haikufika. Kazi yako peke yake ilifika, na ilipata alama tisini na moja kwa mia. Wale saba wamehesabiwa kuwa wamefaulu kwa sababu walibonyeza kitufe kilichofuta kazi yao. Wewe umehesabiwa kuwa umeshindwa kwa sababu yako ilifika. Kwa hiyo kuanzia mwisho wa mwezi huu huna kazi. Wako mwaminifu. Lenny, Meneja."

Akaisoma tena kimyakimya, midomo ikicheza. Halafu akaiweka mezani.

"Meneja, hii sahihi ni yako?"

"Ndiyo, chea."

"Na ulisoma?"

"Niliipitia."

"Basi nielezee. Mimi nimesoma mara mbili na sijashika."

Lenny akaivuta barua. Nilimwona macho yanavyoshuka mstari kwa mstari, na uso unavyobadilika. "Hii sio ile nilisema."

"Uliniambia niandike vile ilikuwa," Kaluki akasema kutoka mezani kwake. "Kama kuna mahali nimeandika vile haikuwa, nionyeshe nirekebishe."

Lenny akaanza, prosesi, maagizo, sistemu. Mzee Mwanzia akainua mkono akamnyamazisha, akatugeukia sisi. "Nyinyi. Ni kweli kazi yenu haikufika?"

Kisilu akatazama viatu vyake. Tracy akatazama kucha. Mimi nilikuwa nimesimama na sinia ya chai, na nilijua kabisa kwamba nikisema ndiyo, kwenye karatasi ile mimi ni mmoja wa walioshindwa. Nilimfikiria Yasin, nikakifikiria kiti changu. Halafu nikaona mikono ya Kaluki juu ya kibodi, imetulia, inangoja tu.

"Yangu haikufika, Mzee," nikasema. "Nilibonyeza Rudi, ikafutika yote. Nikaambiwa nimefaulu, nikanyamaza kwa sababu kulinifaa."

Kisilu akasema, "Na yangu." Kisha wengine, mmoja mmoja, Tracy wa mwisho.

"Na wewe, meneja," Mzee Mwanzia akauliza, "uliambia bodi umejaribu huo mtihani. Ulipojaribu, yako ilifika?"

Lenny akaanza kupanga upya lile rundo la karatasi. Alikuwa amebonyeza Rudi na yeye, nitakula kiapo.

Mzee Mwanzia akasema Kaluki atakaa mpaka mwezi wake wa mwisho, na hiyo mambo ya tableti itarudi Nairobi kwanza ikajifunze Kiswahili. Akachukua barua, akaikunja katikati aipasue.

"Usiipasue, Mzee," Kaluki akasema. "Niwekee kwa faili yangu. Haina kosa hata moja."

Mzee akaikunjua, akamrudishia. Kaluki akaitoboa matundu mawili, akaiweka kwenye faili, akavuta kiti, akaanza barua ya mkulima fulani ambaye ng'ombe wake alikuwa amekataliwa maziwa.

Moyo wangu ulikuwa umenijaa. Mimi ndiye niliyesema kwanza, mbele ya watu wote, na sikuona mwingine aliyethubutu kabla yangu. Nikammiminia chai, nikaitia tangawizi anavyopenda, nikampelekea mwenyewe, nikasimama pale kando yake, nangoja. Hakuacha kuandika. Alifika mwisho wa mstari, akapiga kile kitufe kikubwa, akaanza mwingine.

"Ijumaa mpaka leo ni siku nne, Mama Yasin," akasema.

Nikaweka kikombe mezani, mahali ambapo hakingemwagikia karatasi zake, nikaenda kukaa.